Namba za Kitengela: Historia ya Ardhi Iliyogawanywa na Reli

Mwezi Aprili 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka madarakani Marekani wiki saba tu zilizotangulia, alipanda gari moshi Mombasa akielekea bara. Aliketi kwenye benchi lililofungwa mbele ya kichwa cha treni ili awaone wanyama vizuri. Aliteremka katika stesheni ndogo ya Kapiti, kwenye mbuga zilizojaa punda milia, nyumbu na swala. Mwenyeji wake huko alikuwa Mwingereza, Sir Alfred Pease, mwenye shamba la Kitanga lililokuwa upande wa Machakos wa mbuga hizo.

Mengi yameandikwa kuhusu simba waliouawa katika safari hiyo. Kuhusu shamba lenyewe, na jinsi lilivyomfikia Mwingereza huyo, ni machache yaliyoandikwa. Lakini mtu akitaka kuelewa kwa nini leo Kitengela ni mji wa ghorofa na mageti ya chuma, wakati ng'ambo ya barabara bado kuna ranchi isiyo na nyumba hata moja kwa kilomita kadhaa, hana budi kuanzia kwa watu kama Pease.

Ukoo wa Pease ulitoka Darlington, kaskazini mwa Uingereza. Walikuwa wa dhehebu la Marafiki, hawa tunaowafahamu Kenya kama Waquaker, na mali yao ilitokana na sufu, makaa ya mawe, benki na reli. Edward Pease, baba wa babu yake Alfred, ndiye aliyekuwa mstari wa mbele kuanzisha reli ya Stockton na Darlington iliyofunguliwa mwaka 1825, reli ya kwanza ya umma duniani kutumia vichwa vya treni vya mvuke. Mwanawe Joseph akawa Mquaker wa kwanza kuketi katika Bunge la Uingereza. Baada ya vizazi vitatu ukoo ulikuwa na migodi, viwanda na mashamba makubwa Yorkshire. Mwaka 1902 benki yao ikaanguka ikamezwa na Barclays, na mali nyingi ikauzwa kulipa madeni. Baba yake Alfred alifariki mwaka uliofuata, naye mwana akarithi cheo cha Baronet na utajiri uliopungua sana. Akaenda kuwa hakimu Transvaal, kisha akaja Afrika Mashariki.

Kwa hiyo aliyempokea Roosevelt alikuwa mjukuu wa wajenzi wa reli, mtu ambaye familia yake ilikuwa imepoteza mashamba kwao, sasa akiwa mwenye shamba kandokando ya reli nyingine. Reli hiyo ya Uganda ilikuwa imefika Nairobi mwaka 1899, ikikata katikati ya malisho ya Wamaasai wa Kaputiei, ambao jina lao ndilo lililobaki, likipotoshwa kidogo, katika mbuga za Kapiti.

Kaputiei hawakuwa wametia saini kwenye karatasi yoyote. Haki yao ilijulikana kwa mambo mengine: visima vilivyochimbwa na ukoo fulani, maji ya mito ya Mbagathi na Athi wakati wa kiangazi, chumvi ya ardhini, na ruhusa ambayo mgeni aliomba kabla ya kuleta ng'ombe wake. Wakamba walikuwa jirani zao upande wa vilima vya Machakos, na mpaka kati yao ulisogea mbele na nyuma kwa vita na kwa ndoa. Lakini Wazungu walipofika walikuta mbuga zimepungua watu. Miaka ya 1880 ilikuwa imeleta homa ya mapafu ya ng'ombe. Karibu na 1891 ikaja sotoka, ikaua mifugo kwa kiwango ambacho wazee hawakuwa wamewahi kukisikia. Kisha ndui ikawafuata watu wenyewe. Juu ya hayo, wana wawili wa Mbatiany, laibon (kiongozi wa kiroho) wa Wamaasai, yaani Olonana na Senteu, walikuwa wakipigania urithi wa baba yao. Ofisa Mwingereza akitazama mbuga ile aliona nyasi na wanyamapori, akaandika kwamba ni ardhi tupu.

Karatasi ya kwanza ilikuwa sheria ya ardhi ya Ufalme ya mwaka 1902. Iliipa serikali mamlaka ya kuuza ardhi au kuikodisha kwa miaka 99. Ya pili ilikuja Agosti 1904, pale Kamishna Sir Donald Stewart alipotia saini mkataba na Olonana na wazee wengine. Wamaasai wangeondoka Bonde la Ufa, Naivasha, Elmenteita na Nakuru, wagawanywe katika rizavu mbili: moja Laikipia, nyingine kusini mwa reli. Waliahidiwa barabara ya upana wa nusu maili kuunganisha rizavu hizo, na sehemu ya maili tano za mraba mteremkoni Kinangop kwa ajili ya sherehe za tohara. Waliahidiwa pia kwamba makubaliano yangedumu maadamu Wamaasai wapo.

Yalidumu chini ya miaka saba. Olonana alifariki Machi 1911, na Aprili mwaka huohuo Gavana Sir Percy Girouard akapata mkataba wa pili wa kuwahamisha wa Laikipia waende kusini, kwa sababu walowezi walikuwa wameitamani Laikipia nayo. Hesabu za serikali zilitaja takriban watu 10,000, ng'ombe 175,000 na kondoo milioni moja waliohamishwa hadi 1913. Watu na mifugo walikufa njiani kwa baridi, mvua na magonjwa.

Hapa kuna jambo ambalo shule zetu zingepaswa kulifundisha kwa kirefu zaidi. Wamaasai hawakuinua mikuki. Walikwenda mahakamani. Parsaloi ole Gilisho, kiongozi wa Wamaasai wa Purko huko Laikipia, ndiye aliyeongoza upinzani huo, na kesi ikafunguliwa mwaka 1913 kwa jina la ole Njogo na wenzake dhidi ya Mwanasheria Mkuu, wakiwa na wakili Mwingereza. Mahakama Kuu ilijibu kwamba Wamaasai walikuwa taifa la kigeni chini ya ulinzi wa Uingereza, hivyo mikataba yao ilikuwa ya nchi na nchi, na mahakama ya kawaida haikuwa na uwezo wa kuisikiliza. Rufaa ikatupwa Desemba mwaka huo. Maana yake ilikuwa hii: walitambuliwa kuwa taifa huru kwa kiasi cha kutosha kutoa ardhi yao, lakini si kwa kiasi cha kutosha kuidai. Sijawahi kusoma hukumu ya zama zile iliyo baridi kuliko hiyo.

Basi reli ikawa ukuta. Kwa sehemu kubwa, upande wa kusini magharibi ukabaki rizavu ya Wamaasai, ambayo leo ni Kajiado. Upande wa pili, kuelekea Machakos, ardhi ikakatwa mashamba ya walowezi. Alama ya mgawanyiko huo bado ipo, na yeyote mwenye hati anaweza kuiona kwa macho yake. Shamba lililokatwa kutoka ardhi ya Ufalme hutambulika kwa herufi L.R. na namba, na usajili wake ulikaa Nairobi. Kipande kilichotoka kwenye rizavu kina jina la wilaya na eneo lake: Kajiado/Kitengela, au Kajiado/Kaputiei North, kisha namba. Simama kwenye daraja la Athi River uulize hati za pande zote mbili, na utaona kwamba mstari wa 1904 haujafutika. Sheria za mwaka 2012 zimeunganisha mifumo ya usajili na namba za zamani zinabadilishwa, kwa hiyo kizazi kijacho hakitauona mstari huo kwa urahisi hivyo. Wenye hati za zamani wazitunze nakala.

Sasa turudi Kitanga. Majirani wa Pease walikuwa walowezi waliofuga mbuni: akina Hill, Clifford na Harold, kutoka Afrika Kusini, na Kapteni Slatter wa Kilima Kiu. Manyoya ya mbuni yalikuwa pesa wakati huo kwa sababu wanawake wa Ulaya waliyavaa kwenye kofia. Vita vya 1914 na mabadiliko ya mitindo vikaiua biashara hiyo mara moja, na waliokuwa wameweka tumaini lao kwa mbuni ikabidi wageukie ng'ombe. Pease mwenyewe hakungoja. Alirudi Uingereza, akaandika kitabu kizima kuhusu simba, akafariki mwaka 1939 huko Pinchinthorpe, Yorkshire, kwenye sehemu ya mali ya ukoo iliyokuwa imenusurika. Kwa familia ya Pease, Afrika ilikuwa miaka michache tu katika historia ndefu. Kwa mbuga ya Kapiti, ile miaka michache iliacha namba ya usajili isiyoondoka.

Hilo ndilo la kuzingatia katika historia ya mashamba haya. Mwenye shamba alipoondoka, ardhi haikurudi ilikotoka. Ilihama kutoka hati hadi hati. Mwaka 1915 sheria mpya iliongeza muda wa ukodishaji hadi miaka 999, na shamba likawa kitu cha kurithisha, kuweka rehani na kuuza London kama mali nyingine yoyote. Uhuru ulipokuja, ranchi nyingi za upande wa Machakos zilinunuliwa na vyama vya ushirika na kampuni za wanahisa Wakamba. Baadhi ya hizo nazo ziligawanywa baadaye. Kutoka ranchi ya Malili serikali ilinunua ekari 5,000 mwaka 2009 kwa ajili ya mji wa teknolojia wa Konza. Kapiti yenyewe, takriban hekta 13,000, ni kituo cha utafiti wa mifugo cha taasisi ya ILRI. Karibu na Athi River, David Hopcraft, Mkenya wa asili ya Kiingereza, aliendesha ranchi ya ekari 20,000 ambamo kwa miaka mingi swala na nyumbu walivunwa kwa nyama sambamba na ng'ombe, hadi serikali iliposimamisha uvunaji wa wanyamapori mwaka 2003. Ndiyo maana ukisafiri kwa barabara ya Mombasa bado unaona nafasi wazi upande huo. Hati moja kubwa ina mmiliki mmoja, na mmiliki mmoja akikataa kuuza, mbuga inabaki mbuga.

Upande wa Kajiado mambo yalikwenda kinyume.

Serikali ya kikoloni haikuwapa Wamaasai hati. Iliwapa karantini, masoko yaliyofungwa kila ugonjwa ulipotajwa, na njia ya reli kutoka Konza kwenda Magadi, iliyokamilika mwaka 1915, ya kubeba magadi ya kampuni ya Waingereza. Mwaka 1946 kipande cha malisho kando ya Nairobi kikawa mbuga ya taifa, ya kwanza nchini. Upande wake wa kusini, kando ya mto Mbagathi, uliachwa bila ua ili wanyama wapite kwenda Kitengela wakati wa mvua. Kwa maneno mengine, mbuga hiyo tangu siku ya kwanza ilitegemea ardhi ya watu ambao hawakulipwa chochote kwa kuiacha wazi.

Kisha ukaja ukame wa 1960 na 1961, na mafuriko baada yake. Ng'ombe walikufa kwa wingi. Viongozi wa Kajiado walikuwa tayari wanaona majirani wasomi na wakubwa serikalini wakijipimia ranchi za mtu mmoja mmoja katika maeneo mazuri zaidi ya Kaputiei, na wakahofu kwamba wasipopata karatasi, watu wa nje watazipata kwanza. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Mwaka 1968 Bunge likapitisha sheria ya wawakilishi wa vikundi, na kwa fedha za Benki ya Dunia zikaanzishwa ranchi za kikundi. Kaputiei ilikuwa ya kwanza. Ardhi ingemilikiwa na wanachama wote walioandikwa, ikisimamiwa na kamati, huku ikiwekwa dhamana kupata mikopo ya Shirika la Fedha za Kilimo kwa ajili ya majosho, mabomba na mafahali wa kisasa.

Ranchi ya kikundi ya Kitengela ilikuwa na hekta 18,292 na wanachama 215. Walioandikwa kwenye rejista walikuwa wakuu wa boma, karibu wote wanaume. Wake zao, mabinti, na wavulana ambao hawakuwa wamefikia umri walionekana kuwa wamewakilishwa. Kwa mwanasheria hilo lilikuwa jambo dogo la uandikishaji. Miaka 20 baadaye likawa jambo kubwa kuliko yote.

Mikopo haikulipika vizuri, kamati zilishutumiwa kwa upendeleo, na vijana waliokua baada ya rejista kufungwa walitaka kuandikwa, jambo ambalo lingepunguza fungu la kila aliyemo. Katika miaka ya 1980 serikali ya Rais Moi ikahimiza ugawaji, na mwaka 1988 Kitengela ikagawanywa. Ukigawa hekta 18,292 kwa 215, kila mwanachama anapata wastani wa hekta 85, yaani ekari kama 210. Kwa mfugaji wa nchi kavu hiyo si ardhi kubwa. Mvua hunyesha hapa leo na kule mwezi ujao, na ng'ombe hufuata mvua. Lakini kwa dalali kutoka Nairobi, ekari 210 kilomita 30 kutoka mjini zilikuwa hazina.

Tuangalie kwa karibu jinsi ardhi hiyo ilivyokwenda. Mwenye hati alihitaji karo, au hospitali, au alitaka tu gari. Dalali alileta mnunuzi wa ekari tano. Mpima ardhi akaja na fimbo zake na bikoni za saruji, akachora kipande kipya, fomu ya ugawaji ikapelekwa Kajiado, bodi ya kudhibiti ardhi ikatoa kibali kama inavyotakiwa na sheria ya mwaka 1967, na hati ya baba ikafungwa, zikafunguliwa mbili. Mnunuzi wa ekari tano naye hakuwa mfugaji. Alikata kila ekari vipande vya futi 50 kwa 100, vile watu wanavyoviita "one-eighth", akaviuza kimoja kimoja kwa walimu, wauguzi, madereva na wafanyakazi wa viwanda. Mwaka 1990 sheria ya maeneo maalum ya viwanda vya kuuza nje ilipitishwa, viwanda vikafunguliwa Athi River, ng'ambo tu ya mto, na maelfu ya vijana wakatafuta vyumba vya kukodi Kitengela. Sensa ya 2009 ilihesabu watu wapatao 58,000 mjini humo. Ile ya 2019 ilihesabu zaidi ya 154,000.

Siwalaumu walionunua. Wengi wao ni watoto wa watu ambao babu zao pia walinyang'anywa ardhi na walowezi, Kiambu, Murang'a, Machakos, na kipande cha futi 50 kwa 100 ndicho cha kwanza kuandikwa jina la familia yao. Lawama yangu ni kwa namna sheria ilivyomwezesha mtu mmoja kuuza kilichokuwa cha boma zima. Kuna wanawake wa Kitengela waliojua kwamba shamba limeuzwa siku walipoona waya ukivutwa mbele ya nyumba yao. Kwa miaka mingi hata sheria ya urithi iliiweka Kajiado miongoni mwa wilaya ambako mashamba na mifugo ya marehemu asiyeacha wosia iligawiwa kwa mila, na mila kama ilivyotafsiriwa na wanaume ilimwacha binti nje.

Wapo waliojaribu njia nyingine. Tangu mwaka 2000, mpango wa kukodi ardhi kwa ajili ya wanyamapori ulilipa familia za Kitengela dola nne kwa ekari kwa mwaka ili wasijenge ua, wasiwinde na wasigawanye. Fedha ziligawanywa kwa awamu zilizolingana na kufunguliwa kwa shule, jambo la busara, kwa sababu karo ndiyo iliyokuwa ikiuza ardhi. Huko Kipeto, kusini magharibi, familia ziliingia mikataba ya kukodisha sehemu za mashamba yao kwa mitambo 60 ya upepo inayozalisha megawati 100 tangu 2021. Mbuzi wanalisha chini ya mapanga yanayozunguka, na hati imebaki kabatini kwa mwenyewe. Malipo ya dola nne hayakuweza kushindana na bei ya dalali, na hilo ni wazi kwa yeyote anayepita Kitengela leo. Ya upepo yanaonyesha kwamba kukodisha kunaweza kulipa.

Mwezi Agosti 2004, miaka 100 baada ya mkataba wa Stewart, Wamaasai waliandamana wakidai ardhi ya Laikipia, na serikali ikajibu kwamba mikataba ya walowezi haijaisha. Katiba ya 2010 ilipunguza ukodishaji wote wa raia wa kigeni hadi miaka 99. Ni hatua ya haki, lakini haigusi Kitengela, kwa sababu Kitengela haikuchukuliwa na familia ya Kiingereza. Iliuzwa, kipande kwa kipande, kwa kanuni ambazo familia za Kiingereza zilituachia, na hati nyingi zilitiwa saini na wenyewe.

Kwa hiyo neno langu ni kwa familia za Kajiado ambazo bado zina ekari 20, 50 au 100 huko Isinya, Kipeto, Mashuuru na Namanga. Nendeni kwenye ofisi ya usajili mfanye upekuzi wa hati yenu wenyewe mjue ni jina la nani limeandikwa humo. Kama baba amefariki, fungueni mirathi sasa, na mabinti waandikwe. Sheria inataka ridhaa ya mke kabla ya makao ya ndoa kuuzwa au kuwekwa rehani. Mama asiweke dole gumba kwenye fomu ambayo hajasomewa. Karo ikibana, ulizeni kwanza nani atakodi, kwa miaka mingapi, na kwa mkataba uliosomwa na wakili wenu, kabla ya kumuita mpima ardhi.

Na serikali ya kaunti ichapishe rejista ya asili ya kila ranchi ya kikundi, majina yote, ili watoto wa waliosahaulika mwaka 1988 waweze kuonyesha walikokuwa.